Shukrani kwa Mwalimu ni Vitendo



Mwaka 1934 mtoto wa Butiama mwenye umri wa miaka 12 alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa zipatazo 40 kutoka kwao. Huko ndiko Julius Kambarage Nyerere alikoanza masomo. Baadaye alifundisha Tabora na Pugu, na mwaka 1955 aliacha ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU. Aliongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20, lakini hadi alipozikwa Butiama mwaka 1999 wananchi walimwita Mwalimu. Taifa linalomwita mwasisi wake kwa jina la kazi hiyo limekwisha kukiri deni. Linalobaki ni kulilipa.

Mkoa wa Mara una sababu ya pekee ya kulikumbuka deni hilo. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 elimu ya msingi iwe ya watoto wote. Madarasa yaliweza kujengwa kwa nguvu za wananchi, lakini walimu hawafyatuliwi kama matofali. Vyuo havikutosha. Kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa, wakajifunza ualimu vijijini kwa masomo ya posta na redio, huku wakifundisha watoto.

Vijana hao walilipwa nini? Wengi walilipwa dhihaka. “Mwalimu wa UPE” likawa jina la kumchekea mtu. Kweli shukrani ya punda ni mateke! Upungufu wa mafunzo yao ulikuwapo, wala hauna haja ya kufichwa. Lakini si wao walioutaka. Taifa liliamua kukimbia, nao wakatumwa mbele. Aliyeshikwa mkono na mwalimu huyo akaandika herufi ya kwanza, kisha akapata kiti ofisini, hana haki ya kumcheka.

Watu wazima nao wana deni lao. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Ziwa iliyofanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vilieleza pamba, uvuvi na ufugaji. Mkulima wa Bunda aliyezijua tarakimu aliweza kuisoma mizani ya pamba yake mwenyewe. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67. Mwaka 1977 walikuwa asilimia 27. Kazi hiyo ilifanywa na walimu wa kisomo, jioni, chini ya miti, kwa posho ndogo.

Tangu mwaka 1994, tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Ni siku njema, lakini nyimbo na hotuba hazimjengei mwalimu nyumba. Mzazi humshukuru mwalimu kwa kumpeleka mtoto shuleni kila siku. Kijiji, kwa kumpatia makazi yenye heshima. Aliyejifunza ukubwani, kwa kuendelea kusoma. Na mtumishi wa umma humshukuru kwa kulishughulikia jalada lake la cheo, uhamisho au pensheni bila ya “njoo kesho”. Mkono unaotia sahihi katika jalada hilo ulifundishwa kuandika na mwalimu.