Hesabu ya Matopeni: Kwa Nini Mwanafunzi Apelekwe Gazi

Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na walimu wa sekondari msingi



Kila muhula karatasi ya safari ya shule hufika nyumbani mkononi mwa mtoto, na swali la kwanza la mzazi huwa: pesa ngapi? La pili hufuata hapo hapo: kwani wanaenda kutembea tu? Maswali yote mawili ni ya haki. Kwa miaka mingi safari ya shule imekuwa basi, nyimbo, soda na mkate, kupita Fort Jesus mbio mbio, kisha kurudi jioni watoto wamelala vitini. Si vibaya mtoto kufurahi. Lakini mzazi wa Kinango aliyeuza mbuzi ili mtoto apande basi ana haki ya kuuliza mtoto amerudi na nini kichwani.

Safari inayozungumziwa leo ni ya namna nyingine. Somo lake ni hesabu, darasa lake ni msitu wa mikoko wa Gazi, na kazi yake haiwezi kufanywa na mwanafunzi mmoja hata awe hodari vipi.

Gazi iko kusini mwa Ukunda, kabla hujafika Msambweni. Wengi wanaijua kwa daraja la mbao la akina mama linalopita katikati ya mikoko, na kwa kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI. Kuanzia mwaka wa 2013 inajulikana pia kwa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Pesa zinazopatikana zimesaidia maji na shule za vijiji hivyo viwili. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Sifa hizo zinajulikana. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mradi wote umesimama juu ya hesabu: miti mingapi, minene kiasi gani, mirefu kiasi gani, katika eneo gani. Anayenunua hewa ukaa akiwa Ulaya hanunui picha ya mkoko, ananunua tarakimu.

Hizo ndizo tarakimu ambazo mwanafunzi wa Gredi ya 7 au ya 8 anaweza kujifunza kuzitafuta mwenyewe.

Kazi ya kwanza ni kuchora mraba wa mita 10 kwa mita 10 ndani ya msitu. Ubaoni, mraba huchorwa kwa rula katika sekunde tatu. Matopeni, penye mizizi na kaa, kona ya nyuzi 90 haipatikani kwa macho. Hapo ndipo kikundi kinapokumbuka kamba ya fundi: kamba ya mita 12 yenye fundo kila mita, ikafungwa mwisho kwa mwanzo na kuvutwa iwe pembetatu ya mita 3, 4 na 5. Kila fundi anayeweka msingi wa nyumba hapa Kwale anaijua hesabu hii, hata kama hajawahi kusikia jina la Pythagoras. Kona nne zikishapigwa, hupimwa kutoka kona hadi kona inayoikabili. Kama mraba ni wa kweli, pande zote mbili zitasoma mita 14 na sentimita 14. Zikisoma tofauti, mraba umepinda, na hakuna mwalimu anayehitajika kuweka alama ya mkasi. Kamba imeshasema.

Kisha miti huhesabiwa na kupimwa. Unene wa mti hupimwa kwa kuzungusha utepe kwenye shina, sentimita 130 kutoka ardhini, na kugawanya mzingo kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 47 unatoa kipenyo cha takriban sentimita 15. Mpaka hapo ni rahisi. Mtego unakuja kwenye mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyoinuka kama miguu ya buibui. Mwanafunzi akipima sentimita 130 kwa kufuata amri, mara nyingi atakuta hakuna shina hapo, kuna mizizi tu. Wataalamu huanza kwenye mzizi wa juu kabisa, wakapanda sentimita 30, ndipo wakazungusha utepe. Mwalimu mzuri hasemi jambo hili mapema. Anawaacha watoto wabishane kwanza kama mzizi ni shina.

Ubishi huo una maana yake. Mti wa kipenyo cha sentimita 10 una shina la eneo la sentimita mraba 78.5. Kama mpimaji amelegeza utepe na kuandika sentimita 11, eneo linakuwa sentimita mraba 95. Kosa la sehemu moja kwa kumi limegeuka zaidi ya sehemu mbili kwa kumi. Jambo hilo likisemwa darasani, linasahaulika kabla ya kengele. Mtoto akiona karatasi yake na ya mwenzake zimetofautiana kwa mti ule ule mmoja, hatalisahau.

Sasa vikundi vyote vinakutana kwenye nchi kavu na kuweka matokeo pamoja. Chukulia kikundi cha kwanza kimehesabu miti 27 katika mraba wake, cha pili 9, cha tatu 41 na cha nne 15. Kila kikundi kitaapa kuwa hakikukosea, na huenda kweli hakuna aliyekosea. Msitu si shamba la minazi, kuna mahali pamesongamana na mahali palipokatwa zamani. Basi swali ni hili: msitu wote una miti mingapi? Hekta moja ina miraba 100 kama ile. Ukifuata kikundi cha tatu, hekta ina miti 4,100, na hekta 117 zina miti 479,700. Ukichukua wastani wa vikundi vinne, yaani 23, hekta ina miti 2,300 na msitu mzima una miti 269,100. Tofauti ni zaidi ya miti laki mbili, na imetoka tu kwenye uamuzi wa wapi pa kupigia mraba.

Hapa kelele huwa nyingi, na mwalimu asiizime. Mmoja atasema miraba minne ni michache. Mwingine atasema kikundi cha tatu kilichagua penye miti mingi makusudi ili kionekane kimefanya kazi. Mwingine atauliza ni nani basi wa kuchagua mahali, na je, pasichaguliwe na mtu bali kwa kura. Watoto hao wamefika kwenye mlango wa takwimu bila kufunguliwa kitabu.

Faida ya haya yote inahesabika kwa shilingi. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba tani moja ya hewa ukaa inauzwa dola 10. Kosa la asilimia 10 katika tani 3,000 ni tani 300, yaani dola 3,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 387,000, pesa ambazo kijiji kinaweza kuzikosa, au kuzidai bila haki, kwa sababu ya utepe uliolegezwa. Pwani hii sasa ina miradi zaidi ya mmoja ya namna hiyo. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wana wao. Mikataba huletwa, ripoti huandikwa, na zote zimejaa tarakimu. Kijiji kisicho na kijana wa kuzisoma na kuzikagua kitakubali chochote kilichoandikwa. Hilo ndilo linalogombaniwa hapa, na ni zito kuliko alama za mtihani.

Lakini alama nazo zipo. Mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kuwa hesabu itabaki somo la lazima katika sekondari ya juu, kwa viwango viwili: hesabu kamili kwa wanaofuata sayansi, teknolojia na uhandisi, na hesabu nyepesi kidogo kwa wengine. Mtoto aliyeichukia hesabu Gredi ya 8 amejifungia mlango wa uhandisi, udaktari na unahodha wa meli kabla hajajua anataka kuwa nani.

Wazo la kufundisha hesabu nje si geni wala si la kuazima jana. Mji wa Melbourne nchini Australia ulikuwa na njia ya hesabu ya kutembea mjini tangu miaka ya 1980. Hapa Kenya mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Japani, ulikuwa ukiwahimiza walimu waache kuhubiri ubaoni na kuwapa wanafunzi kazi ya mikono. Na kabla ya yote hayo, wazee wa pwani walipima kwa shubiri, mkono na pima, wakauza boriti kwa korija, na kila mtoto alijua korija ni 20. Mtoto akitumwa amwulize babu yake pima moja ni mikono mingapi, ameshaanza safari.

Jambo moja lazima lisemwe wazi. Vikundi vikiachwa vijipange vyenyewe, wavulana hushika kamba na utepe, na wasichana hupewa kalamu waandike wanachotajiwa. Siku ikiisha, msichana amebeba daftari safi na hajapima mti hata mmoja. Kazi zizungushwe kila mraba: mshika kamba, mpimaji, mwandishi, mwangalizi wa saa na maji, na mkaguzi anayerudia kipimo cha mwenzake.

Huyo mwangalizi wa maji si pambo. Maji ya bahari huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Yakitoka kabisa saa 4 asubuhi leo, kesho yatatoka kama saa 4 na dakika 50. Shule ikiahirisha safari kwa wiki moja bila kufikiri, dakika 50 mara 7 ni karibu saa 6, na wanafunzi watakaoshuka saa 4 ile ile watakuta maji yamejaa na msitu umezama hadi kiunoni. Ukiahirisha, ahirisha kwa wiki mbili. Afadhali zaidi, wapeni wanafunzi wenyewe kazi ya kuitafuta siku inayofaa, kisha mwalimu awaulize wavuvi wa Gazi kama hesabu yao imesimama. Wavuvi hawahitaji kalamu.

Shule zilizo mbali na bahari zisijione zimeachwa. Kinango na Samburu kuna malambo ya kupimwa ujazo kabla ya ukame na baada yake, na ng'ombe wa kugawiwa maji hayo kwa siku. Diani kuna barabara ya hoteli, ambapo magari yanaweza kuhesabiwa chini ya ngazi za kamba walizowekewa mbega wavukie. Kaya Kinondo, iliyoingia katika urithi wa dunia mwaka wa 2008, ina miti mikubwa, lakini huko hakuingiwi na utepe bila ruhusa na mwongozo wa wazee.

Kuhusu gharama, ukweli usemwe. Shule za msingi, sekondari msingi na sekondari ya juu ziko chini ya serikali kuu. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kaunti ina elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi. Hata hivyo wanafunzi wa uashi katika vyuo vya ufundi wanaijua kamba ya 3, 4 na 5 kuliko walimu wengi wa hesabu, na hakuna sheria inayokataza chuo na shule jirani kupanda basi moja na kugawana nauli.

Kwa hiyo karatasi ya safari ikifika nyumbani, mzazi amwulize mwalimu mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Mtoto atapima nini? Kikundi chake kina watu wangapi? Na maji yanatoka saa ngapi siku hiyo? Mwalimu mwenye majibu hayo apewe nauli. Mtoto naye apewe viatu vya kufunga, kofia, chupa ya maji ya kunywa na nguo ambayo mama hatailalamikia ikirudi na tope. Basi la shule haliruhusiwi kubeba wanafunzi usiku, kwa hiyo wa kutoka Lunga Lunga na Kinango waondoke mapema, na hesabu ya mwisho, ile ya wastani wa vikundi vyote, imalizwe darasani siku ya pili.