Mzigo usitembee

Maneno ya komite katika mkutano wa mwezi wa chama chetu, hapa Kisangani. Tumeyaandika juu ya wale ambao hawakuweza kufika, na juu ya wale waliofika lakini mvua kwenye mabati haikuwaacha kusikia vizuri.

Leo komite inaleta kitu kinachoonekana kidogo: mikeka ya mpira. Si mikeka ya kulalia. Ni ile yenye mikwaruzo juu na meno pembeni, mkeka mmoja unaingia ndani ya mwenzake, unawekwa chini ya mizigo ili mizigo isitembee.

Tunajua kuna watakaosema: tulirudi hapa bila nyumba, watoto wanahitaji minervali, wagonjwa wanangoja dawa, na komite inatuletea habari ya mikeka? Ndiyo, tunaileta. Mtu aliyerudi kama sisi, mali yake haiko benki. Iko ndani ya mifuko sita ya mchele, ao bido kumi za mafuta ya mawese, ao marobota mawili ya nguo. Mali ile ikianguka, yeye pia anaanguka. Na ikianguka ndani ya mtumbwi, inaweza kumvuta yeye na wenzake majini.

Tuanze na depo yetu. Wote mnakumbuka namna bido za mafuta ziliteleza usiku, zile zilizokuwa juu ya mifuko ya maharagi. Hakuna mwizi aliyeingia, hakuna mtu aliyezigusa. Mafuta yalimwagika, maharagi yakanywa mafuta, na mama mwenye maharagi akapoteza mtaji aliokuwa ameupata kwa zamu yake ya likelemba. Tuliuliza sana nani mwenye kosa. Jibu liko chini, kwenye sakafu. Ile mifuko nyeupe ya plastiki iliyofumwa inateleza moja juu ya ingine. Ukiipanga mirefu, ukaongeza bido juu, kila gari kubwa linalopita njiani linaisukuma kidogo. Leo kidogo, kesho kidogo, siku moja inashuka yote.

Njiani ni vilevile. Vitu vinavyotoka Butembo na Beni vinapita barabara ya taifa namba 4, Komanda, Mambasa, Niania, Bafwasende, kilomita zaidi ya 700. Kila shimo linainua mzigo na kuushusha. Shofere anafunga kamba ngumu pale anapoondoka, lakini mifuko ikishuka na kujibana, kamba inabaki legevu. Hapo mzigo unaanza kutembea.

Na mto, hapo njo hatari kubwa. Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa kuna kilomita 1.734 za maji. Wengi wetu hatufiki huko, tunakwenda Yangambi, Isangi pale Lomami inapoingia mtoni, ao Basoko. Tunapanda balenyeri ya mbao, watu wanakaa juu ya mizigo. Na wale wa Lubunga, ngambo ya pili kunako stesheni ya treni ya Ubundu, wanavusha mizigo kwa mtumbwi kila siku. Chombo kikiinama upande mmoja, mzigo uliolegea unateleza kwenda upande ule ule. Uzito ukihamia pale, chombo kinainama zaidi. Kikiinama zaidi, mzigo mwingine unafuata, na watu wanashtuka, wanakimbia wote pamoja. Mambo haya yanatokea haraka kuliko mtu kuita jina la Mungu. Kwa hiyo kusimamisha mzigo si mambo ya usafi wa depo tu. Ni mambo ya uhai.

Sasa tueleze kazi ya mkeka, bila maneno magumu. Kitu kilichowekwa juu ya kingine kinashikwa na msuguano. Ubao mkavu juu ya ubao mkavu, hesabu kama sehemu tatu kwa kumi za uzito. Sanduku la kilo 50 litaanza kuteleza ukilisukuma kwa nguvu ya kilo 15. Ukiweka katikati mkeka mzuri wa mpira, wapakiaji wa Ulaya wanahesabu sehemu sita kwa kumi. Sanduku lile lile litataka nguvu ya kilo 30. Uzito haukuongezeka, kamba haikuongezeka, lakini mzigo unakataa kutoka mara mbili zaidi. Na kama kuna kamba juu, ile nguvu ya kamba inayokandamiza mzigo nayo inafanya kazi mara mbili.

Msituamini bure. Chukueni ubao wa mita mbili, wekeni sanduku la mbao juu yake, inueni ncha moja pole pole. Kama vyote ni vikavu na safi, sanduku litaanza kushuka ncha ikifika karibu sentimita 60. Kisha wekeni mpira chini ya sanduku, rudieni. Ncha itakwenda mpaka karibu mita moja ndipo lishuke. Fanyeni nyumbani mbele ya watoto, watafurahi na watajifunza. Halafu fikirini kwamba ubao ule ni sakafu ya balenyeri inayoinama.

Ujuzi huu si wa Wazungu tu. Angalieni ndugu zetu Wagenya pale maporomokoni. Maji yale yanaweza kubeba nyumba. Lakini miti yao mikubwa imesimama, imeingizwa ndani ya matundu ya mawe, imefungwa kwa kamba za msitu, na vitego vyao vinaning'inia hapo. Mti unashikwa chini kwanza, na jiwe. Kamba inakuja kusaidia. Sisi kwenye mizigo tunafanya kinyume: tunafunga juu, chini tunaacha laini. Tunataka kubadilisha hiyo.

Mikeka ya kiwandani ipo, lakini kuileta mpaka hapa ni gharama. Tunasema tuitengeneze wenyewe kwa mipira mikuukuu. Kisangani ni mji wa pikipiki na bado kuna toleka, kila kona kuna kwado na rundo la mipira imetupwa nyuma yake. Mpira si mgeni kwetu. Wakati wa Leopold II, kutoka 1885 mpaka 1908, babu zetu walilazimishwa kwa fimbo na bunduki kutoa mpira wa msituni, na wakati wa vita ya pili ya dunia wakarudishwa msituni tena kwa kazi ile ile. Faida ilikwenda ngambo. Safari hii mpira uko kando ya njia, tuuokote kwa faida yetu.

Namna ya kutengeneza ni hii. Chukua mpira wa nje wa pikipiki, kata pembe zote mbili zenye waya, baki na sehemu ya katikati yenye mistari. Ile mistari ina kazi: sakafu ikilowana, maji yanakimbilia ndani yake, na mpira unaendelea kushika. Mipira ya magari makubwa muwe macho, mingi ina nyuzi za chuma ndani, zikitokea zinapasua mfuko na mkono. Kata vipande virefu, vilaze chini ya uzito siku kadhaa vinyooke. Kisha kata meno pembeni, ya kipande kimoja yaingie katikati ya meno ya kingine, kama vidole vya mikono miwili vikishikana. Kipande kimoja peke yake kinahama na mzigo. Vikishikana, kukisogeza kimoja ni kusogeza vyote.

Kati ya mfuko na mfuko, mpira wa nje ni mnene mno. Hapo tumia mpira wa ndani, uliopasuliwa na kulazwa. Weka kipande kila baada ya safu mbili ao tatu.

Kuna mambo matano ya kushika.

La kwanza: mzigo ulale juu ya mpira tu. Kama pembe moja inagusa mpira na nyingine zinagusa ubao, kazi ni bure. Si lazima kufunika sakafu yote, lakini vipande viwe vinene sawasawa.

La pili: vumbi na mafuta ni adui. Mpira wenye vumbi unateleza kama mwingine wowote. Mafuta ya mawese yanaufanya uvimbe na kulainika. Tuufagie, tuuoshe kwa sabuni, tuukaushe kivulini.

La tatu: mchele na maharagi vinahitaji hewa. Mpira ukifunika sakafu yote yenye unyevu, chini yake kunaoza. Katika depo tuweke kwanza mbao zilizoinuka, vipande vya mpira juu ya mbao, mifuko juu ya mpira. Na pembeni ya ukuta tuache nafasi ya mtu kupita.

La nne: tupange mifuko kama matofali, wa juu ulale kwenye kiungo cha miwili ya chini. Bido na vitu vizito vikae chini. Bido juu ya maharagi, hapana tena.

La tano, na hili tunalisema kwa sauti: mkeka hauongezi nafasi ndani ya chombo. Chombo kilichojaa kupita kiasi kitazama na mikeka yake. Wale waliokuwa Tanzania wanakumbuka MV Nyerere, ziwa Victoria, tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, ikapinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa wakiona nchi kavu. Mtu asiseme: nina mkeka wa chama, wacha nipande. Akiona maji yanakaribia ukingo, ashuke, hata kama amelipa. Chama kiko tayari kumsaidia aliyekosa safari. Aliyekufa hatuwezi kumsaidia, tunaweza kuzika tu.

Sasa tuongee juu ya pesa, maana tunajua maneno yanayopita. Wengine wanasema sanduku la chama ni la wagonjwa na msiba, lisiguswe. Wana haki ya kusema hivyo, na sisi hatutaki kulipunguza. Pendekezo letu ni hili: kwa miezi mitatu, pesa za malipo ya depo, zile kila mmoja anatoa akiweka mzigo, ziende kwenye mikeka. Zilipe makwado kwa mipira, zilipe visu na posho ya vijana watakaokata. Vijana hao watoke katika familia za chama, tukianza na zile zilizorudi karibuni na bado hazina kazi. Sanduku la wagonjwa libaki vile lilivyo.

Depo itakuwa ya kwanza. Ikimalizika, tutatengeneza mafungu ya kuazima. Mama anayepeleka mzigo Isangi atachukua fungu lake, ataweka chini ya mifuko yake yeye mwenyewe, atalirudisha. Tumewauliza wenye balenyeri wachache. Mmoja alikataa mtu yeyote kugusa sakafu yake. Wengine walisema: wekeni, lakini msichelewesheshe safari. Hatuwezi kumlazimisha mwenye chombo. Lakini mama wanane wa chama wakipanda pamoja, kila mmoja na mikeka yake, tayari sehemu kubwa ya mzigo imeshikwa.

Kuna swali moja komite haikupata jibu: fungu likipotea, nani analipa? Wengine kati yetu wanasema aliyeazima. Wengine wanasema mto ukichukua mzigo wa mtu, kumdai tena mkeka ni kumpiga mara mbili. Tunaliacha kwenu. Lizungumzeni katika vikundi vya kata, Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Lubunga, kata Kisangani, na kila kikundi kilete jibu lake kwenye mkutano ujao. Siku ile tutapiga kura juu ya yote mawili: pesa za depo na fungu linalopotea.

Kabla ya hapo, kila mtu aje na mpira mmoja mkuukuu wa pikipiki. Ni mmoja tu. Tutaupokea mlangoni, tutaandika jina, na mtaona wenyewe mkeka wa kwanza ukikatwa.