Somo la 14: Kisamvu cha Nyumbani

Hiki ni kipindi cha masomo ya watu wazima. Fungueni vitabu vyenu mahali palipoandikwa Somo la 14. Mwalimu wa darasa, tafadhali tazama kwamba kila mtu ana kalamu na mwanga wa kutosha.

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua fupi. Leo tutajifunza kuandika maandishi ya namna nyingine, yaani mapishi. Tutaandika mapishi ya kisamvu.

Najua baadhi yenu mtacheka. Mama mmoja aliniuliza darasani, "Bwana Elimu, mimi nimepika miaka thelathini. Wewe utanifundisha kupika?" Nikamjibu, "La, mama. Sikuja kukufundisha kupika. Nimekuja kukuomba uniandikie."

Ndivyo ilivyo. Mapishi mengi ya nyumbani kwetu hayakuandikwa popote. Yamo mikononi mwa mama na bibi. Ukimwuliza bibi chumvi kiasi gani, atasema, "Kiasi." Ukimwuliza achemshe mpaka lini, atasema, "Mpaka yaive." Yeye anajua. Lakini kijana aliye mbali, aliyekwenda mjini kutafuta kazi, hajui. Na bibi hatakaa nasi milele. Siku akiondoka, chakula chake huondoka naye, kama hakuna aliyekaa karibu naye na kalamu.

MANENO YA LEO

Someni pamoja nami, polepole.

Ki-sa-mvu. Kisamvu ni majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mboga hiyo ina majina mengi. Mashariki ya Kongo huitwa sombe. Rwanda huitwa isombe.

Ki-nu. Kinu ni chombo cha mti cha kutwangia.

M-chi. Mchi ndio mti wa kutwangia ndani ya kinu.

M-bu-zi. Mbuzi huyu hali majani, wala halii. Ni kibao chenye meno ya chuma cha kukunia nazi.

Ki-fu-mbu. Kifumbu ni mfuko uliosukwa wa kuchujia nazi.

Tu-i. Tui ni maji meupe ya nazi. Makapi yanayobaki huitwa chicha.

Vema. Someni tena wenyewe mara mbili, kisha tuendelee.

MAPISHI YA KISAMVU CHA NAZI

Mapishi mazuri yana sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni vitu vinavyohitajiwa. Sehemu ya pili ni kazi, hatua kwa hatua. Kila hatua ipewe namba yake, na kila hatua ianze na neno la kutenda: chuma, osha, twanga, chemsha. Hivi ndivyo ninavyoandika mimi.

Vitu vinavyohitajiwa kwa watu sita:

Majani machanga ya muhogo, mafungu matatu makubwa.
Nazi mbili.
Kitunguu kimoja.
Nyanya mbili.
Chumvi, kijiko kimoja kidogo.
Maji ya kutosha.

Kazi:

1. Chuma majani machanga ya juu. Ondoa vikonyo vigumu. Osha majani kwa maji safi.

2. Twanga majani katika kinu mpaka yawe laini kabisa, yasionekane tena kuwa majani. Usiache vipande.

3. Tia majani yaliyotwangwa katika sufuria yenye maji mengi. Chemsha muda wa saa moja au zaidi, mpaka yalainike. Usifunike sufuria. Maji yakipungua, ongeza.

4. Wakati majani yanachemka, kuna nazi kwa mbuzi. Tia maji kidogo ya uvuguvugu, kamua kwa kifumbu. Hilo ni tui zito. Liweke kando. Tia maji tena katika chicha, kamua mara ya pili. Hilo ni tui jepesi.

5. Tia kitunguu, nyanya, chumvi na tui jepesi katika kisamvu. Acha kichemke mpaka maji yapungue.

6. Mwisho, tia tui zito. Punguza moto. Koroga kwa upawa bila kuacha, ili tui lisikatike. Likichemka kidogo, epua.

Mahali pasipo na minazi, watu hutwanga karanga na kuzitia badala ya tui. Tia unga wa karanga kidogo kidogo, huku ukikoroga, usije ukafanya madonge.

Kisamvu hiki huliwa na ugali, na wali, au na muhogo wa kuchemsha. Na kiporo chake asubuhi, kikipashwa moto vizuri, wengi hukipenda kuliko cha jana usiku. Nilipokuwa mtoto tuliamshwa na sauti mbili, jogoo na kinu cha jirani. Ukisikia mchi unakwenda haraka haraka na wepesi, ulijua ni majani, si nafaka, na ulijua leo mtakula nini. Nadhani kila mmoja wenu anayo sauti yake ya namna hiyo, au harufu yake. Ikumbukeni, maana itawafaa katika kazi ya nyumbani.

KWA NINI TUNATWANGA NA KUCHEMSHA

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo penye moyo wa somo la leo.

Muhogo si mti wa asili wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukaenea kwa kuwa huvumilia ukame na hukaa ardhini mpaka siku ya haja. Umewaokoa watu wengi na njaa. Lakini una ulinzi wake. Ndani ya majani na mizizi mna kitu kinachoweza kutoa sumu, nayo sumu hiyo huitwa sianidi. Muhogo mtamu una kidogo. Muhogo mchungu una nyingi.

Unapotwanga majani, unayavunja, na sumu inatoka mahali ilipojificha. Sumu hiyo ni nyepesi, hugeuka hewa upesi. Unapochemsha bila kufunika, inapanda na mvuke na kwenda zake. Basi yule bibi aliyekukataza kufunika sufuria hakuwa na ukaidi. Hakuwa na kitabu cha sayansi, lakini alikuwa na elimu aliyorithi kwa waliomtangulia.

Mizizi ya muhogo mchungu nayo ina njia yake. Humenywa, ikalowekwa majini siku tatu au nne mpaka ikalainika, kisha ikaanikwa juani, ikatwangwa kuwa unga. Watu wengine huuvundika badala ya kuuloweka, kama wanavyofanya wenyeji wa Kanda ya Ziwa wanaotengeneza udaga. Kuanika juani peke yake, bila kuloweka wala kuvundika, hakutoshi kwa muhogo mchungu.

Je, mtu akiruka hatua? Mwaka 1938 daktari mmoja aliandika habari za ugonjwa katika nchi ya Kwango, huko Kongo. Wenyeji waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa. Akili yake ni nzima, lakini miguu haimtii tena, na hairudi kama ilivyokuwa. Unawashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981 ugonjwa huu ulitokea kwa wingi katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, katika mkoa wa Mara, Tanzania.

Sababu ilikuwa nini? Ilikuwa ukame. Mazao mengine yalikauka, ukabaki muhogo mchungu. Watu walikuwa na njaa, na mama mwenye watoto wanaolia hawezi kungoja siku nne. Basi siku za kuandaa muhogo zikapunguzwa. Tena hapakuwa na kitoweo. Mwili unahitaji maharage, dagaa, samaki, nyama au maziwa ili kuigeuza sumu na kuitoa nje. Chakula kilikuwa muhogo tu, leo na kesho, na mwili ukakosa silaha.

Mama zangu, sisemi haya ili mwogope muhogo. Mimi mwenyewe naula, na watoto wangu wanaula. Nasema ili mjue kwamba zile hatua za jikoni zinazoonekana kuwa mazoea tu, nyingine ni kinga ya miguu ya watoto.

Na iko njia moja mpya ya kuongeza usalama, iliyoanza kutumika katika vijiji vya Popokabaka, Kongo, mwaka 2010. Unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji kabla ya kupikwa. Kisha hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki hutoka. Halafu unga hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Haitaki mashine wala fedha.

ZOEZI LA KUSOMA

Mtu mmoja ameandika mapishi haya kwenye karatasi. Someni kwa sauti.

"Chuma majani ya muhogo. Osha. Katakata. Tia tui, kitunguu na chumvi. Koroga. Pakua, mle."

Mwalimu, wape wanafunzi dakika tatu. Waulize: ni kitu gani kimesahauliwa?

Naam. Amesahau kutwanga, na amesahau kuchemsha. Ni maneno mawili tu. Mtu aliyekulia kwenye kisamvu ataliziba pengo hilo mwenyewe, bila hata kuliona. Lakini kijana aliye mbali na kwao, au mke aliyeolewa kutoka nchi isiyo na muhogo, atafuata karatasi kama ilivyoandikwa. Hana neno lingine la kufuata. Kwa hiyo tunapoandika mapishi, tumwandikie yule asiyejua kabisa.

Jambo la pili ni vipimo. Neno "kiasi" halitoshi katika karatasi. Wazee wetu walikuwa na vipimo vyao, na walivijua sana. Walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Ndiyo maana tunasema haba na haba hujaza kibaba. Wewe tumia kipimo kilichomo nyumbani mwako, kikombe, kijiko au bakuli, mradi utaje ni kipi, na utumie hicho hicho tangu mwanzo mpaka mwisho.

MASWALI

1. Tui zito na tui jepesi, lipi hutiwa kwanza?
2. Kwa nini hatufuniki sufuria ya kisamvu?
3. Muhogo mchungu hulowekwa siku ngapi?
4. Neno konzo maana yake nini?
5. Taja vitoweo vitatu vinavyofaa kuliwa pamoja na ugali wa muhogo.

Jadilianeni majibu kwa vikundi. Kusikiliza redio kwa vikundi na kujadiliana si jambo geni kwetu. Huko Tanzania mwaka 1973 watu walikusanyika hivyo katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, na mwaka 1975 katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Walisikiliza, wakasoma vitabu vyao vidogo, wakazungumza, kisha wakaenda kufanya. Nasi tufanye vivyo hivyo.

KAZI YA NYUMBANI

Nenda kwa mzee mmoja wa kwenu, mama, bibi, shangazi, au hata babu, maana wako wanaume wapishi. Mwombe akueleze chakula kimoja alichokuwa akila utotoni. Kiwe chakula cha kila siku, si cha harusi. Kiwe makande, mchicha, uji, maharage, chochote. Kaa karibu naye anapokipika. Akisema "kiasi," mzuie mkono wake kwa heshima, ukapime kwa kikombe kabla hakijaingia chunguni. Akifanya jambo bila kulisema, liandike hilo kwanza, kwa maana ndilo litakalosahauliwa.

Andika vitu vinavyohitajiwa. Andika kazi kwa namba. Usizidishe hatua kumi. Halafu mpe karatasi mtu mwingine wa nyumbani, kijana wa kiume akiwapo itafaa zaidi, apike kwa kusoma tu. Wewe kaa kimya. Pale atakapokwama na kukutazama, hapo ndipo maandishi yako yana upungufu. Rekebisha.

Mabwana walio darasani, kazi hii ni yenu pia. Mwanamume akiwa safarini au mkewe akiwa mgonjwa, watoto hawatashiba kwa kusubiri.

Karatasi zenu mzilete darasani. Mwalimu atazikusanya na kuzishona pamoja. Likipatikana jalada gumu, kitakuwa kitabu, na darasa lenu litakuwa limeandika kitabu chake cha kwanza. Kiwekeni mahali ambapo kila mtu anaweza kukiazima.

Katika Somo la 15 tutajifunza kusoma maandishi yaliyo juu ya chupa na pakiti za dawa. Leteni chupa au pakiti tupu, kila mtu moja, iliyooshwa vizuri.

Kwaherini, na mpike salama.