Koti la Bakteria na Dawa ya Mwisho

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafugaji na wakazi



Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya kuhamasisha watu kuhusu usugu wa dawa. Wengi huniuliza: kwa nini dawa iliyomponya jirani imeshindwa kuniponya mimi?

Jibu moja liko kwenye umbo la bakteria. Mwaka 1884, daktari Hans Christian Gram wa Denmark alibuni njia ya kuwapaka rangi, na tangu hapo tunawagawa katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza lina ukuta mnene. La pili, lenye E. koli, Salmonela na Klebsiela, lina ukuta mwembamba lakini juu yake limevaa utando wa nje, mfano wa koti la mvua. Dawa nyingi hugonga koti hilo zisipenye.

Mwili wetu una silaha yake: peptidi, yaani vipande vifupi vya protini vinavyotengenezwa kwenye ngozi, matumbo na chembe nyeupe za damu. Peptidi hizi zina chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo huvutana. Utando huo unashikanishwa na madini ya magnesiamu na kalsiamu. Peptidi ikiyasukuma madini hayo, koti linalegea, bakteria anavuja na kufa.

Kolistini, dawa itokanayo na bakteria wa udongoni, hufanya kazi vivyo hivyo. Kwa kuwa inaweza kudhuru figo, madaktari huiweka akiba kwa mgonjwa mahututi ambaye dawa nyingine zimeshindwa.

Lakini bakteria naye ana ujanja. Hubandika kemikali kwenye utando wake, chaji hasi ikapungua, na dawa ikakosa pa kushika. Novemba 2015, watafiti nchini China walitangaza kupata jeni iitwayo mcr-1 kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Jeni hiyo huweza kurukia kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. China, ambako kolistini ilichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili inenepe, ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 2017.

Ndugu zangu, zizi na wodi ya hospitali haziko mbali. Kwa hivyo:

- Usimpe kuku, nguruwe wala ng'ombe dawa bila ushauri wa daktari wa mifugo.
- Subiri siku zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuuza maziwa, mayai au nyama.
- Chanja mifugo na safisha banda. Mnyama mzima hahitaji dawa.
- Usinunue dawa ya bakteria kwa homa ya mafua. Mafua huletwa na virusi, nayo haiviui.
- Nawa mikono kwa sabuni.

Dawa ya mwisho ikishindwa, daktari hana nyingine mfukoni. Tuilinde ingali inafanya kazi.