Mlango wa Nchi na Riziki ya Kata: Masharti ya Afya kwa Wasafiri Baada ya UVIKO-19

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa wananchi wa kata. Inachapishwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeagizwa na Mkurugenzi Mtendaji kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa jina lake huonekana ni la viwanja vya ndege na balozi, ilhali kwa uhalisia wake limo ndani ya nyumba zetu. Ni masharti ya afya ambayo msafiri hutakiwa kuyatimiza anapoingia Tanzania: yalivyokuwa wakati wa janga la UVIKO-19, yalivyobadilika, na yapi yanatuhusu hata leo. Kata yetu imekaa kati ya mlima na mpaka. Kijana wa hapa asipopanda Kilimanjaro na mzigo wa mgeni begani, mama yake amevuka kwenda soko la Taveta na mikungu ya ndizi. Mgeni akizuiwa Ulaya, jiko linapoa huku. Mpaka ukifungwa, ndizi huozea barabarani. Kwa hiyo tusiseme kwamba mambo ya pasipoti ni ya wakubwa.

Nianze na mwaka 2020, maana wengi wetu tunaukumbuka kwa hasara kuliko kwa tarehe. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa na Waziri wa Afya tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa Mtanzania aliyerejea kutoka Ulaya kupitia Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro. Alipimwa joto pale kiwanjani na hakuonekana kuwa na homa. Akaendelea na safari yake hadi hotelini Arusha, na huko ndiko alikoanza kujisikia vibaya, akapelekwa hospitali. Naomba mambo mawili katika habari hiyo myashike, kwa sababu nitayarejea. Kwanza, aliyeingia na ugonjwa alikuwa mwenzetu, wala hakuwa mtalii. Pili, kipimo cha joto mlangoni hakikumkamata. Kilichomkamata ni uamuzi wa kwenda hospitali mapema na kueleza alikotoka.

Siku iliyofuata shule zilifungwa. Mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa. Kisha tarehe 18 Mei 2020 Serikali ikafungua tena anga na kuondoa sharti la karantini ya siku 14 kwa wanaoingia. Yaani sisi tulifungua mlango mapema kuliko nchi nyingi. Hata hivyo, mlango una pande mbili, na upande wa pili haukuwa mikononi mwetu. Mwezi huohuo wa Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaruhusu mizigo peke yake, na madereva wa malori wakabaki wamepanga foleni wakisubiri majibu ya vipimo. Wenye maduka ya hapa kando ya barabara mnazikumbuka siku zile vizuri kuniliko.

Takwimu za wagonjwa wetu zilikoma kutolewa mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Hili ni jambo lililojadiliwa sana, na mimi kama mtu wa habari nina neno moja tu la kusema kulihusu. Nchi nyingine zisipopata takwimu kutoka kwako, hazikuhesabu kuwa huna ugonjwa. Hukukadiria zenyewe, na hukukadiria kwa hofu. Januari 2021 Uingereza ilizuia wasafiri wanaotoka Tanzania. Februari Oman nayo ikatuweka katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawakuruhusiwa kuingia, na nyote mnajua jinsi Oman ilivyo jirani kwa Watanzania, kwa damu na kwa biashara. Mtalii wa Kiingereza aliyekuwa akitafakari kupanda Kilimanjaro mwaka ule hakuogopa kuja tu. Aliogopa kwamba akija, kwao hatarudi kwa urahisi.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hilo, tazama idadi ya watalii wa kimataifa. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Ukitoa hesabu hiyo, katika kila wageni watano waliokuja kabla ya janga, watatu hawakuonekana. Kwa wapagazi, wapishi wa mlimani na waongoza watalii wa kata hii, tarakimu hizo zilikuwa ada ya shule, dawa ya mzee, na bati la nyumba iliyoishia kwenye lenta. Wapo vijana waliouza mabegi na viatu vya mlimani kwa bei ya kutupa ili wale. Uchumi wa taifa zima, uliokuwa ukikua kwa asilimia 7.0 mwaka 2019, ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Mashamba yalituokoa. Anayekula ndizi ya kihambani kwake hasubiri ndege itue.

Mwelekeo ulibadilika mwaka 2021. Baada ya kuapishwa tarehe 19 Machi, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu kuishauri Serikali juu ya UVIKO-19. Mwanzoni mwa Mei masharti mapya yakaanza kutumika: kila anayeingia nchini awe na cheti cha kipimo kinachoonyesha hana maambukizi, kilichofanyika ndani ya saa 72 kabla ya kuwasili, na wasafiri wengi wakapimwa tena mlangoni kwa kipimo cha haraka, kwa gharama yao wenyewe ya dola 25. Waliotoka katika nchi zenye aina mpya za kirusi walitakiwa kukaa karantini siku 14.

Wakati ule yalisikika malalamiko, hasa kutoka kwa wenye kampuni za utalii, kwamba masharti haya yangewafukuza wageni hata wale wachache waliobaki. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki: familia ya watu wanne italipa dola 100 kabla haijatoka kiwanjani. Lakini mwaka ule wa 2021, ambao masharti yalikuwa makali kuliko mwaka uliotangulia, watalii waliongezeka na kufikia 922,692. Siwezi kusema kwamba masharti ndiyo yaliyowaleta. Dunia nayo ilikuwa imeanza kuchanja na kusafiri. Ninachosema ni kwamba mgeni hakukimbia mlango wenye mlinzi. Wapo waliopenda zaidi mlango huo.

Julai 2021 nchi ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX, na tarehe 28 Julai Rais akachanjwa hadharani. Watu wengi walisita. Hata katika kata yetu, uvumi ulitembea kwa miguu miwili huku maelezo ya kitaalamu yakitambaa, hadi wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipoanza kupita nyumba kwa nyumba chini ya Mpango Shirikishi na Harakishi. Nawapongeza wahudumu hao, baadhi yao wamekaa pale chini ya mwembe. Kazi yao haikuwa ya kushika sindano. Ilikuwa ya kuketi kibarazani, kupokea kikombe cha chai, na kujibu swali lilelile mara ishirini pasipo kukunja uso.

Chanjo ndiyo iliyofungua mlango kwa upana zaidi. Machi 2022 msafiri aliyekamilisha chanjo aliondolewa sharti la kipimo cha saa 72. Asiyechanjwa akaendelea kudaiwa cheti. Mwaka huo watalii walifika 1,454,920, karibu sawa na kabla ya janga. Mwaka 2023, ambao tarehe 5 Mei Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya kimataifa, walikuwa 1,808,205. Mwaka 2024 wakavuka milioni mbili: 2,141,895. Sifa hazimwendei mtu mmoja wala jambo moja. Filamu ya The Royal Tour, iliyozinduliwa Aprili 2022, ilifanya kazi yake, ndege zilirejea, na watu waliokuwa wamefungiwa majumbani kwao walikuwa na hamu ya kuona mlima.

Kabla sijafika mahali tulipo leo, niwakumbushe matunda ya kupona ambayo hayakuletwa na mtalii. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, na kutokana nao ukazaliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliozinduliwa Dodoma tarehe 10 Oktoba 2021. Ndani yake kulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kila kimoja kikitengewa shilingi milioni 20. Ndiyo maana Januari 2022 watoto waliofaulu kuingia kidato cha kwanza waliripoti kwa pamoja, bila kungoja chaguo la pili. Mkopo ni deni, na deni hulipwa na kodi zetu. Kwa hiyo darasa lile lenye kioo kilichovunjwa kwa jiwe la mchezo ni mali ambayo bado tunailipia. Kamati ya shule naomba ilichukue hilo.

Sasa tuje kwenye leo. Masharti ya UVIKO-19 yameondoka, ila mlango haukubaki wazi bila mlinzi, na hapa ndipo naomba usikivu wenu.

Sharti la kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kitabu cha njano. Tanzania hukidai kwa msafiri wa umri wa mwaka mmoja na kuendelea anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo hukidai kwa wanaoingia kwao. Kinga huhesabiwa kuanza siku ya 10 baada ya kuchanjwa, hivyo asiende mtu kuchanjwa Jumatatu akitarajia kusafiri Jumatano. Jambo jema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote. Mtu yeyote akikuambia kimekwisha muda kwa sababu kimepita miaka 10, na kwamba kwa kitu kidogo atakuandikia kingine, huyo anakuibia. Na yule anayeuza cheti bila sindano anakuibia mara mbili: anachukua fedha yako, kisha anakuacha bila kinga. Chanjo hutolewa katika vituo maalumu vya wasafiri, na cheti hupigwa mhuri palepale.

La pili ni Marburg. Machi 2023 ugonjwa huo ulitokea Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki kabla haujatangazwa kuisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 ukarudi mkoa uleule, wilayani Biharamulo, ukachukua watu 10, na ukatangazwa kuisha tarehe 13 Machi. Safari hii Rais mwenyewe alisimama akautangaza. Idadi ilitolewa, na dunia ikajua. Katika muda wote huo nchi ilibaki wazi kwa wageni. Mtaniwia radhi nikisema kwamba hapo ndipo naona tofauti kubwa kati ya mwaka 2020 na 2025.

Marburg huweza kukaa mwilini kuanzia siku 2 hadi 21 kabla ya dalili kuonekana. Katika siku hizo kipimajoto cha Holili au Tarakea hakitaona kitu, kama kile cha Kilimanjaro ambacho hakikuona kitu Machi 2020. Basi kwa nini tupite kituoni? Kwa sababu pale jina lako linaandikwa, na ulikotoka, na namba yako ya simu. Ukiugua siku ya kumi, au aliyekaa karibu nawe ndani ya basi akiugua, watajua wa kumtafuta. Aliyepita njia ya panya hana jina. Mkewe ataugua, jirani aliyekuja kumjulia hali ataugua, na muuguzi wa zahanati yetu, aliyempokea kwa mikono mitupu akidhani ni malaria, ataugua.

Najua sababu za njia za panya. Akina mama wamenieleza: foleni, usumbufu, kuulizwa karatasi wasizokuwa nazo, na wakati mwingine lugha isiyo ya heshima. Malalamiko hayo yamefikishwa kwa Mkurugenzi, naye ameyapeleka katika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Wakati yanashughulikiwa, mfanye hivi. Asiye na pasipoti aombe hati ya dharura ya kusafiria katika ofisi ya Uhamiaji, na Mtendaji wa Kata atampa barua ya utambulisho. Barua hiyo haiuzwi. Na yeyote aliyerejea kutoka nje ya nchi akapata homa kali, kuumwa kichwa, kutapika, kuharisha au kutokwa damu ndani ya wiki tatu, afike zahanati na neno lake la kwanza liwe ni wapi alikotoka.

Maswali ya chanjo na dalili atayajibu Afisa Afya wa Kata, aliye hapa kushoto kwangu. Ya hati za kusafiria, Mtendaji ana fomu mezani. Namkaribisha Mheshimiwa Diwani aongoze maswali, na naomba tuanze na akina mama wa soko la Taveta, maana wana gari la kuwahi.