Kifaa Kimezimwa, Umeme Unaliwa

Ukizima televisheni kwa rimoti, taa ndogo nyekundu hubaki ikiwaka na umeme huendelea kuliwa. Wati 1 isiyokatika mwaka mzima ni karibu uniti 9. Kwa mamilioni ya nyumba, huo ni upotevu mkubwa.

Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 2008, na tangu 2013 vifaa vingi vikiwa vimetulia havitakiwi kuvuta zaidi ya nusu wati. Kuanzia Mei 2027, kilichozimwa kabisa kitawekewa kikomo cha wati 0.3.

Mzigo amebebeshwa mtengenezaji, na ndivyo inavyostahili. Mnunuzi hawezi kuingia dukani na kupima kila mashine ya kufulia. Kuchomoa plagi ni ushauri mzuri, lakini sheria humlinda hata anayesahau.