Nyumba Yangu, Kiwanja Chake: Mauziano ya Ardhi na Majumba Katika Pwani ya Kenya



Nimeombwa nieleze jinsi hali ya kuuza na kununua ardhi na majumba inavyobadilika hapa pwani. Siwezi kuieleza kabla sijapambana na fikra moja ambayo imetutawala kwa robo karne. Mwenye fikra hiyo ni mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliyetoa kitabu chake *The Mystery of Capital* mwaka 2000. Anasema maskini wa dunia wana mali, ila mali hiyo ni mtaji mfu kwa sababu haina hati. Wape hatimiliki, benki itawakopesha, soko litachangamka, umaskini utapungua. Jirani zetu Tanzania waliipokea hoja hii wakaanzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali za wanyonge, mwaka 2004, na huku kwetu hakuna kampeni ya uchaguzi isiyoahidi hatimiliki kwa maskwota wa Pwani.

Ni fikra nzuri kuisikia, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba pale penye ugomvi wa ardhi pamekosekana hati. Kwa pwani yetu dhana hiyo si kweli. Mwambao huu una sajili ya hatimiliki tangu mwaka 1908. Kama karatasi ingeponya, sisi tungekuwa tumepona zamani.

Historia yenyewe mnaijua, sitaikariri: mkataba wa 1895 baina ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar, kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, maili kumi za Mwambao, makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouingiza Mwambao katika Kenya. Nataka tusimame kwenye Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 peke yake. Ilimtaka kila anayedai ardhi apeleke dai lake mbele ya Msajili na kulithibitisha. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Sasa jiulizeni ni nani angeweza kudai. Ni yule mwenye maandishi ya kadhi, mwenye uwezo wa kumlipa wakili na mpimaji, mwenye kujua ofisi iko wapi. Mkulima wa Kimijikenda anayelima bonde lililolimwa na babu yake hakuwa na mlango wa kuingilia. Mtumwa aliyeachwa huru na kubaki palepale shambani hakuwa nao pia. Wengi wa wanaoitwa maskwota leo Kilifi na Kwale ni wajukuu wa watu hao. Hati ndiyo iliyowafanya maskwota. Kuwaambia sasa kwamba walichokosa ni hati ni kuusoma ugonjwa kinyume.

Wafuasi wa de Soto hunijibu kwamba kosa lilikuwa la ugawaji, si la hati yenyewe. Jibu hilo lina uzito, nami nimelipima. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, ni mfano wao wanaoupenda: Serikali ikalinunua, na mwaka 2016 wakazi wakapewa hatimiliki, kila mmoja akitakiwa kulipa shilingi 182,000 kwa awamu. Sikatai kwamba familia zile zililala usingizi mwema zaidi. Lakini angalieni kilichoziokoa. Ni Serikali kununua ardhi na kuigawa. Karatasi ilikuja baada ya haki, haikuizaa.

Naja kwenye chanzo ninachokithamini kupita vyote, nacho ni hati za makadhi. Watafiti wengi huzipita haraka kwa sababu zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu na karatasi zake zimeliwa na mchwa pembeni. Kaa nazo kwa utulivu. Baada ya Bismillahi humkuta muuzaji kwa jina lake, la baba yake, la babu yake na taifa lake, kisha mnunuzi vivyo hivyo. Hufuata kitu kinachouzwa, nacho hutajwa kwa uangalifu ambao hatimiliki ya kisasa haina: nyumba ya mawe, au kiwanja, au minazi iliyomo shambani bila ya shamba lenyewe. Halafu mipaka minne: kibla (kaskazini), suheli (kusini), matlai (mashariki) na magharibi. Na mpaka si namba ya bikoni. Mpaka ni mtu: upande wa kibla nyumba ya fulani, upande wa suheli njia iendayo msikitini, upande wa matlai kisima. Husemwa wazi kama ni beikata, mauziano yasiyo na kurudi, au bei khiyari, ambapo muuzaji ana haki ya kuikomboa mali yake akirudisha fedha. Mwisho mashahidi, aghalabu watu wa mtaa uleule.

Hati ya namna hii inakwambia mali imetoka wapi na nani atasimama kuitolea ushahidi. Hatimiliki ya leo inakwambia jina moja na namba moja, na inakutaka uamini. Nakiri kwamba makadhi nao walidanganywa, mashahidi hufa, na mwenye fedha aliweza kununua ushahidi. Hata hivyo mizani yangu bado inaelemea upande wa majirani.

Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa njia yake, imeelemea huko pia. Tarehe 21 Aprili 2023 ilitoa hukumu ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa imenunua ploti ya ufuoni Nyali, na hatimiliki ilikuwa nayo mkononi. Mmiliki wa kwanza aliyegawiwa ploti hiyo, mwaka 1989, alikuwa Rais Moi. Mwaka 2017 Kaunti ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Majaji wakasema ardhi ile ilikuwa ya matumizi ya umma, haikugawiwa kwa utaratibu wa sheria, na aliyeinunua baadaye kwa fedha zake halali hawezi kujikinga kwa hatimiliki iliyozaliwa katika ubatili. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 haiilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Kwa wanaouza na kununua pwani, hakuna badiliko kubwa kuliko hili, hata lile la Ibara ya 65 lililowawekea wageni kikomo cha miaka 99. Zamani wakili alifanya upekuzi kwenye sajili, akaona jina la muuzaji, akamwambia mteja alipe. Leo anapaswa kurudi nyuma hadi barua ya kwanza ya ugawaji na mchoro ulioidhinishwa, aulize ploti hii ya mstari wa kwanza ilitokana na nini na wavuvi walikuwa wakipitia wapi. Maswali hayo dalali hawezi kuyajibu, wala sajili haiwezi. Wavuvi wanaweza.

Limebaki jambo linaloniuma. Shangazi yangu alinunua nyumba Majengo, hapahapa Mombasa: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, naye shangazi akilipa kodi ya ardhi kila mwezi na karani akiandika katika kijitabu. Ndivyo mji huu ulivyojengwa. Sheria ya Kiislamu iliruhusu nyumba iwe ya huyu na ardhi ya yule. Sheria ya Kiingereza haikuliona hilo. Kwake kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, na mwenye nyumba ni mpangaji wa hisani tu. Mwenye kiwanja akauza. Mnunuzi akaja na hatimiliki safi, isiyo na doa hata moja, na notisi ya kuondoka. Shangazi aliondoka na vile tu alivyoruhusiwa kuvihesabu kuwa vyake: mabati, boriti na milango miwili. Alimuuzia fundi wa Kisauni.

Hapo ndipo de Soto anaponishinda kumuelewa. Katika kisa hiki hati ilikuwepo, tena halali, na ndiyo iliyoiua mali ya mama yule. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 iliwataja watu wa hali hii, na mpaka leo hawana sajili yao.

Nitaambiwa haiwezekani kusajili nyumba mbali na ardhi. Inawezekana, na tayari tunafanya. Sheria ya Sectional Properties ya 2020 inampa mnunuzi wa fleti ya ghorofa ya kumi hatimiliki ya sehemu yake, naye hana hata futi moja ya udongo aliouzingira peke yake. Kinachowezekana kwa fleti ya Nyali kinawezekana kwa nyumba ya Majengo. Wenye viwanja watapinga, na baadhi ya viwanja ni vya wakfu, ambavyo ni amana na haviwezi kuguswa kiholela. Kwa hiyo sipendekezi wanyang'anywe. Wabaki na viwanja vyao na kodi yao, kodi yenyewe iandikwe na ipandishwe kwa kipimo kinachojulikana.

Ninachotaka ni daftari la nyumba katika ofisi ya ardhi ya Mombasa, na kila ingizo litiwe saini na majirani wa pande nne baada ya kuutembea mpaka. Na mwenye kiwanja akitaka kuuza, mwenye nyumba aulizwe kwanza kama ananunua, kwa bei ileile aliyopewa mwingine. Wanafiqhi wa madhehebu ya Shafii waliiweka haki ya shufaa, yaani ya kutangulia kununua, kwa washirika wa mali moja. Mwenye nyumba na mwenye kiwanja ni washirika kwa kila hali isipokuwa kwenye karatasi, na Bunge lina uwezo wa kuiandika haki hiyo katika kifungu kimoja.